Mwongozo wa kuingia National Honor Society na baraza la wanafunzi, kwa vijana wetu wanaosoma Marekani

Ukisoma sekondari Marekani utasikia vyombo viwili vikitajwa mara kwa mara: National Honor Society, ambayo wengi huiita NHS, na baraza la wanafunzi. Watoto wa familia zetu, waliotoka Kigoma, Mombasa, Bukavu au kambi ya Nyarugusu, mara nyingi wana alama na tabia za kuwatosha kuingia kote kuwili. Kinachowakosesha ni kwamba hawakujua fomu inatoka lini, au walijaza mstari mmoja mahali palipohitaji ukurasa mzima. Nimekaa na vijana kadhaa mezani tukijaza fomu hizo, na yale tuliyokuwa tukiyarudia kila mara ndiyo nimeyaweka hapa.

Kwanza uvitofautishe

NHS ilianzishwa mwaka 1921 na chama cha wakuu wa shule za sekondari wa Marekani, NASSP. Aliyeisukuma ni Edward S. Rynearson, mkuu wa Fifth Avenue High School mjini Pittsburgh. Ina nguzo nne: taaluma, utumishi, uongozi na tabia njema. Hupigiwi kura na wenzako. Walimu wanapima rekodi yako kwa nguzo hizo na kuamua.

Baraza la wanafunzi ni kinyume chake. Unagombea, unafanya kampeni, wanafunzi wanakuchagua. Waliosoma nyumbani wasilichanganye na viranja. Kiranja wetu husimamia zamu za usafi na kuandika majina ya wapiga kelele, na mara nyingi anateuliwa na walimu. Mjumbe wa baraza Marekani hamwadhibu mtu wala hamsimamii mtu. Kazi yake ni kupanga shughuli: wiki ya Homecoming msimu wa vuli (sherehe za kuwakaribisha tena waliowahi kusoma hapo), mikutano ya kushangilia timu, kukusanya vyakula kwa wasiojiweza, kuchangisha fedha, dansi ya Prom inapokaribia mwisho wa mwaka, na kupeleka hoja za wanafunzi kwa mkuu wa shule.

Unaweza kuwa katika vyote viwili, na kimoja husaidia kingine, kwa sababu cheo cha baraza kinahesabika kama uongozi unapoomba NHS.

Tahadhari moja kabla ya kwenda mbali. NHS huingiwa kupitia tawi la shule yako tu. Ikija barua nyumbani kusema mtoto amechaguliwa na jumuiya ya wanafunzi bora na inatakiwa ada, usilipe chochote kabla ya kuionyesha kwa mshauri wa wanafunzi shuleni. Matawi ya NHS nayo yanaweza kutoza mchango mdogo wa mwaka, lakini unaulipa shuleni baada ya kukubaliwa. Kama hauwezekani nyumbani, mwambie mwalimu mlezi, yaani anayesimamia tawi, faraghani, maana shule nyingi zina namna ya kusaidia.

Hatua ya 1: Jua GPA yako na inavyohesabiwa

GPA ni wastani wa alama zako zote. Kiwango cha chini cha kitaifa ni GPA ya 3.0 kwa kipimo cha 4.0, na kila tawi lina ruhusa ya kukipandisha. Shule nyingine zinataka 3.5 au zaidi. Wanaoingia ni wa darasa la 10, la 11 na la 12, na sharti uwe umesoma katika shule hiyo angalau muhula mmoja.

Hesabu yenyewe ni rahisi: A ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1. Mwenye masomo sita akapata A mbili, B tatu na C moja ana 8 na 9 na 2, jumla 19. Gawanya kwa 6, unapata 3.17. Kwenye tawi la 3.0 amepita, kwenye tawi la 3.5 bado. Uliza pia kama shule inaongeza uzito kwa masomo magumu, na kama tawi linatumia GPA yenye uzito huo au ile ya kawaida.

Hapa ndipo wengi wetu tunapoumia: alama za darasa la 9 zinaingia kwenye hesabu. Mtoto aliyefika mwezi wa kumi, hajazoea Kiingereza, akapata C na D mwaka huo wa kwanza, anazibeba hadi darasa la 12. Ikiwa mtoto wako yuko darasa la 9 sasa hivi, usingoje mwakani. Ulizeni mapema masomo ya ziada ni siku gani, na kama kuna nafasi ya kurudia somo aliloanguka ili alama irekebishwe.

Mwenye matokeo ya nyumbani ayapeleke kwa mshauri wa wanafunzi na kuuliza yanahesabiwaje. Aliyetoka bila karatasi yoyote, kama walivyo wengi waliokimbia vita, aulize alama zake zinaanza kuhesabiwa tangu lini, na kama madarasa ya Kiingereza kwa wageni yanaingia kwenye GPA. Majibu hutofautiana shule hata shule, kwa hiyo usikubali la jirani ambaye mtoto wake anasoma kwingine.

Hatua ya 2: Mtafute mwalimu mlezi

Kila tawi la NHS lina mlezi, na baraza pia lina wake. Majina yao yapo kwenye tovuti ya shule au ofisini. Nenda kabla ya masomo au baada ya kengele ya mwisho, au andika barua pepe. Mwite Mr. au Ms. na jina lake la ukoo. Sisi tumezoea kumwita mtu "Mwalimu", na kwetu ni heshima, lakini huko wengi huona kama hukujishughulisha kulijua jina lake.

Muulize: GPA inayotakiwa ni ngapi, fomu zinatoka mwezi gani, saa za kujitolea ni ngapi na za kuanzia lini, na je, ni lazima uitwe ndipo uombe? Swali hili la mwisho ni muhimu. Kwenye shule nyingi kompyuta hutoa orodha ya waliofikisha GPA, kisha wanatumiwa ujumbe kwenye barua pepe ya shule. Kijana asiyeifungua barua pepe yake ya shule anaweza kukosa nafasi huku jina lake liko kwenye orodha.

Hatua ya 3: Andika huduma unazotoa, siku hiyohiyo

Hatua hii ndiyo inayowaangusha vijana wetu kuliko hata alama. Si kwamba hawatumikii watu. Wanatumikia kuliko wenzao wengi, ila wamelelewa kuona kumsaidia mzee ni wajibu, na wajibu hauandikwi mahali. Fomu ya NHS inataka uandikwe.

Binti mmoja wa Kikongo alikuja na fomu iliyosomeka hivi kwenye sehemu ya utumishi: "Nasaidia kanisani." Basi. Nikamuuliza, unasaidia nini? Akasema kila Jumapili baada ya ibada hukaa na wazee, akiwasomea barua za mwenye nyumba na za shule za wajukuu, na kuwajazia fomu. Kwa muda gani? Kama saa mbili. Tangu lini? Tangu mwaka juzi. Nani anajua? Mchungaji na mama kiongozi wa wanawake. Tukaandika upya: "Tangu darasa la 9, kila Jumapili kwa muda wa saa mbili, nawasomea na kuwafafanulia barua za Kiingereza wazee wasiopungua watano wa kanisa letu, na kuwajazia fomu. Msimamizi: mchungaji." Kijana ni yuleyule na kazi ni ileile. Sasa walimu wanaweza kuipima.

Kwa hiyo nunua daftari dogo. Weka safu za tarehe, mahali, ulichofanya, idadi ya saa, na sahihi ya mtu mzima aliyekuwepo. Omba sahihi siku hiyohiyo. Kumrudia sheikh au mchungaji baada ya miezi minane ukitaka akumbuke saa zako ni kumtia katika mtihani, na karatasi zilizosainiwa zote kwa kalamu moja siku moja huwatia walimu mashaka.

Nini kinahesabiwa? Kwa kawaida, kazi usiyolipwa unayowafanyia watu wasio wa nyumbani kwako. Kufundisha watoto madrasa au shule ya Jumapili, kupanga vyakula kwenye ghala la msaada, kumwelekeza mwanafunzi mgeni masomo ya hesabu, kusafisha bustani ya mtaa, kusaidia kupika na kugawa futari msikitini. Baadhi ya shule hazipokei saa za ibada yenyewe, kama kuimba kwaya, lakini hupokea huduma inayofanywa na taasisi ya dini kwa jamii. Thibitisha kwa mlezi.

Kulea wadogo zako na kupika wakati mama yuko zamu ya usiku kiwandani mara nyingi hakuingii kwenye saa za kujitolea. Bado usikufiche. Kuandike kwenye insha au sehemu ya majukumu, kwa sababu walimu wanapoona huna klabu nyingi wajue muda wako unakwenda wapi. Kazi ya kulipwa pia iandike hapo, na kama ulipandishwa kuwa msimamizi wa zamu, huo ni uongozi.

Hatua ya 4: Fomu, insha, na watu wa kukusemea

Fomu hufuata nguzo zilezile nne. Kwenye uongozi usiandike cheo peke yake, andika ulichofanya ukiwa nacho. Nahodha wa timu ya soka aliyewapangia wenzake usafiri wa kwenda mazoezini ameeleza zaidi kuliko aliyeandika "nahodha" akaishia hapo.

Insha iwe ya jambo moja. Vijana wengi waliopita kambini hudhani ni lazima wasimulie vita. Si lazima. Historia yako ni mali yako, unaitoa ukitaka na kwa kiasi unachotaka. Walimu wanatafuta dalili ya mtu anayetumikia wengine leo, hapa shuleni na mtaani. Akikusomea mwalimu wa Kiingereza kabla hujaituma, ni vizuri, lakini maneno yabaki yako.

Anayekuandikia barua mpe wiki mbili au tatu, na mpe pia nakala ya daftari lako. Usimwendee Ijumaa kwa fomu inayofungwa Jumatatu. Na wa kukuandikia asiwe ndugu.

Hatua ya 5: Uamuzi, na kama jibu ni hapana

Wanaoamua ni baraza la walimu watano walioteuliwa na mkuu wa shule. Mlezi anaendesha kikao lakini hapigi kura. Tabia njema inapimwa kwa rekodi pia: kuchelewa, kunakili mtihani, adhabu za shule.

Ukikosa, una haki ya kuuliza kwa adabu. Anza na mlezi, kisha mkuu wa shule. Huko NASSP hawasikilizi rufaa za mwanafunzi mmojammoja, kwa hiyo usipoteze muda kuwaandikia. Uliza hasa nguzo ipi ilipungua, andika jibu, na kama uko darasa la 10 au la 11, omba tena mwakani. Kuna makosa ya kawaida kabisa, kama saa zilizopotea au fomu isiyosainiwa, ambayo mkuu wa shule anaweza kuyasahihisha.

Usisahau kuna jumuiya nyingine za masomo. Kijana wa Bujumbura au Goma anayejua Kifaransa na anakisoma shuleni aulizie Société Honoraire de Français, inayosimamiwa na chama cha walimu wa Kifaransa wa Marekani. Na hata nje ya jumuiya hizi, majimbo hutoa muhuri wa lugha mbili kwenye cheti cha kuhitimu, utaratibu ulioanzia California mwaka 2011. Uliza kama wilaya yako inakubali mtihani wa Kiswahili, kwa sababu mitihani hiyo ipo.

Hafla ya kupokelewa: neno kwa wazazi

Wanachama wapya hupokelewa kwa hafla. Mara nyingi huwashwa mishumaa minne, mmoja kwa kila nguzo, wanafunzi wanasoma kiapo kwa pamoja na kusaini kitabu. Nembo ina mwenge na jiwe la katikati ya tao. Najua wazazi waliosita walipoona mishumaa, kiapo na nembo, wakahofia ni Freemason au chama cha siri. Sivyo. Mishumaa ni ya nguzo nne, kiapo kinasomwa mbele ya wazazi wote, na hakuna sala ya dini yoyote ndani yake. Omba nakala ya maneno ya kiapo mapema uyasome. Mwenye hijabu anavaa hijabu yake. Nendeni, hata kama Kiingereza hamkifuati chote. Mtoto anawatafuta kwa macho akiitwa jina.

Kumbuka kazi inaendelea baada ya hafla. Mwanachama anatakiwa kushika GPA, kuhudhuria mikutano, kushiriki mradi wa tawi na kutimiza saa zake za mwaka. Akilegea anaonywa, na anaweza kuondolewa.

Kugombea baraza la wanafunzi

Uchaguzi mkuu wa baraza mara nyingi hufanyika msimu wa machipuko kwa ajili ya mwaka unaofuata. Chukua fomu, kusanya sahihi za wanafunzi na walimu zinazotakiwa, irudishe kwa wakati. Mabango hugongwa muhuri ofisini kwanza, na kuna kuta zisizoruhusiwa gundi. Anayebandika bila ruhusa anaweza kuenguliwa kabla hata hajahutubia.

Hotuba ni fupi, dakika mbili hivi. Usijaribu kuigiza lafudhi ya Kimarekani. Sema polepole, sauti itoke, na ahidi jambo ambalo baraza linaliweza. Baraza haliwezi kubadilisha saa za kuanza shule wala mkataba wa chakula. Linaweza kuanzisha kamati ya kuwapokea wanafunzi wapya, ambapo kila mgeni anapewa mwenzake wa kumwonyesha madarasa, mlo wa mchana na namna ya kufungua kabati kwa wiki ya kwanza. Sera kama hiyo inatoka kwa mtu aliyewahi kusimama kwenye korido akiwa na ratiba asiyoielewa, na wapiga kura wanaona kwamba unajua unachokisema.

Ukiogopa urais, anza na uwakilishi wa darasa, ukatibu au uhazini. Katibu mzuri anajulikana upesi.

Vikao huendeshwa kwa utaratibu wa kibunge ambao sisi tunaujua kwa kusikiliza redio: akidi itimie, mtu atoe hoja, mwingine aiunge mkono, mjadala ufunguliwe, kura ipigwe, katibu aandike. Usinyamaze kikao kizima kisha ulalamike nje. Wazo lisilotolewa kama hoja halipigiwi kura, na lisilopigiwa kura haliingii kwenye kumbukumbu.

Sasa fedha. Pesa zote za baraza hupita kwenye akaunti ya shule, haziwekwi kwenye simu ya mtu wala begi. Watu wawili wanahesabu, wote wanasaini, mlezi anakabidhiwa siku hiyohiyo. Mhazini usikubali hata dola moja bila kuiandika.

Vijana wetu hupenda kuchangisha kwa mandazi na sambusa, na zinauzika kweli. Lakini sheria ya shirikisho kuhusu chakula kinachouzwa shuleni inaanzia usiku wa manane hadi dakika 30 baada ya masomo kuisha, na ndani ya muda huo kinachouzwa kwa wanafunzi kifikie viwango vya sukari, mafuta, chumvi na kalori. Andazi lililokaangwa halitapita kirahisi. Jimbo linaweza kuruhusu siku chache za msamaha. Njia nyepesi ni kuuza jioni kwenye mechi au usiku wa utamaduni, baada ya kumuuliza mlezi kama shule inapokea chakula kilichopikwa nyumbani.

Shughuli nyingine utakayokutana nayo ni siku ya kuchangia damu. Mwenye miaka 17 anaweza kuchangia, na majimbo mengi huruhusu wa 16 kwa idhini ya mzazi. Aliyeishi miaka mitano mfululizo au zaidi katika nchi yenye malaria, kama zetu, kwa utaratibu wa kawaida husubiri miaka mitatu baada ya kuondoka huko. Ukirudishwa kwa sababu hiyo usione aibu, na usifiche ulikotoka ili ukubaliwe. Andikisha watu, pokea wanaofika, gawa juisi. Hizo pia ni saa za huduma.

Usafiri, lugha, na kuhama

Mikutano huwa kabla au baada ya masomo, na basi la kawaida halingoji. Uliza kama kuna basi la jioni kwa wenye shughuli. Kama halipo, pangeni zamu na wazazi wengine mapema mwaka unapoanza.

Mzazi asiyejua Kiingereza ana haki ya kupewa taarifa za shule kwa lugha anayoielewa. Hiyo inatokana na sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964. Sema tu: nahitaji mkalimani wa Kiswahili. Shule haitakiwi kumtumia mtoto wako kama mkalimani katika kikao kinachomhusu mwenyewe.

Na mkihamia jimbo jingine, kama familia nyingi zinavyofanya mwaka wa pili au wa tatu zikifuata kazi au ndugu, mwanachama wa NHS habaki nyuma. Kabla ya kuondoka, omba kwa mlezi barua inayothibitisha uanachama. Ukifika, mpe mlezi mpya barua hiyo wiki za kwanza. Tawi jipya linakupokea moja kwa moja, kisha unapewa muhula mmoja kufikia viwango vyake. Nenda nayo pamoja na transkripti (karatasi rasmi ya alama zako zote) na lile daftari la saa. Darasa la 12 ukiwa mwanachama unaweza pia kuomba ufadhili wa masomo wa NHS, unaotolewa tangu mwaka 1946, na maombi yake hujazwa mapema katika mwaka wa masomo, kwa hiyo usiache barua hiyo ikukute Desemba.